Brauni za nanaa Malindi: kazi yote iko safu ya kati

Mapishi mengi ya brauni za chokoleti na nanaa yalitungwa kwa majiko ya nchi za baridi. Ukiyafuata vile vile Malindi wakati wa kaskazi, safu ya nanaa itatiririka kabla hujashika kisu. Siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35 na hulegea mapema zaidi, na joto la jikoni mchana wa Februari hukaribia hapo. Anayezipika pwani aanze kwa kuifikiria safu hiyo.

Safu ya chini, yaani brauni yenyewe, ni rahisi. Yeyusha siagi gramu 115 na chokoleti nyeusi gramu 150, iache ipoe kidogo, utie sukari gramu 200, mayai 2, unga wa ngano gramu 80, kakao vijiko viwili vya chakula na chumvi nusu kijiko cha chai. Beking pauda usitie: brauni itaumuka kisha ibonyee katikati, na nanaa yote ijikusanye kwenye shimo hilo. Treya ya sentimita 20 kwa 20, nyuzi 175, kama dakika 25, mpaka kijiti kitoke na chembe mbichi mbichi. Ukipika kwa kupalia makaa, mengi yawe juu na machache chini, maana sukari na chokoleti huungua upesi zinapogusa treya. Kisha iache ipoe kabisa. Ikiwa na vuguvugu lolote, usiendelee.

Sasa nanaa. Arki ya pepaminti (ladha ya chupa) peke yake, hasa ikizidi, huacha ladha ya dawa ya meno. Nanaa ya chai inayouzwa kwa mashada ina harufu tamu lakini haina ubaridi mkali. Mimi nasema zitumike zote mbili. Osha majani ya shada moja, yakaushe vizuri kwa kitambaa, uyatie kwenye siagi gramu 80 juu ya moto mdogo sana kwa dakika 20, kisha uchuje na kuyakamua. Moto ukiwa mkali harufu hupaa na majani huwa machungu. Bakuli liweke juu ya maji ya barafu, ukoroge bila kuacha mpaka siagi irudi kuwa nzito. Ikiganda yenyewe bila kukorogwa hufanya punje punje. Pima gramu 60, utie sukari ya aisingi gramu 260 iliyochekechwa (unyevu wa pwani huifanya mabonge), arki ya pepaminti robo kijiko cha chai, na maziwa yasiyozidi vijiko viwili vya chai. Iwe ngumu kiasi cha kusukumwa kwa mwiko. Rangi ya kijani haina kazi hapa.

Wapo watakaofikiria mafuta ya nazi badala ya siagi, kwa kuwa tunayo tele. Hayafai: huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, yaani hapa kwetu huwa maji karibu mwaka mzima.

Tandaza nanaa juu ya brauni iliyopoa, weka kwenye friji saa nzima. Ya juu ni chokoleti gramu 120 na siagi gramu 30, zikiyeyushwa juu ya mvuke. Tone moja la maji likiingia, chokoleti hushikana na kuwa kama udongo. Siagi ukiipunguza, safu hii hupasuka wakati wa kukata na kuisukuma nanaa nje kwa pembeni. Imwage ikiwa vuguvugu tu kwenye kidole. Ikiwa ya moto itayeyusha safu ya kati, na badala ya safu tatu utapata mbili zilizochanganyika.

Ikishaganda kwenye friji, kata kwa kisu kilichochovywa maji moto na kufutwa kila mkato. Unapotoa treya kwenye friji iache imefunikwa dakika 10, la sivyo unyevu wa hewa utafanya matone juu ya chokoleti na ukikauka uache madoa meupe. Za kupeleka kwa wageni toa muda mfupi kabla ya kula. Zilizobaki zirudi kwenye friji papo hapo.