Meneja Alipotafuta "Hajalipa"

Ghala letu la korosho hapa Mtwara lina seva moja, ipo chini ya meza ya mhasibu, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi. Kompyuta zote za ofisi zinaiona kwa jina la diski Z. Humo kumerundikwa kila kitu tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye korosho, na mafaili yamepewa majina ya ajabu: "Mpya", "Mpya ya mwisho", "TUMIA HII", "Usitumie ile".

Wiki ya mnada wa kwanza meneja akaniita.

"Mjomba, hii kompyuta inanidharau. Nimeandika 'Tandahimba' kwenye kutafuta, nimekwenda kula ming'oko nimerudi, ule mstari wa kijani bado unatambaa."

Nikamweleza. Windows huwa inajitengenezea faharasa, yaani orodha ya maneno na mahali yalipo, ya mafaili yaliyo kwenye kompyuta yenyewe. Ya diski Z inayapitia moja moja kupitia waya, tena inasoma majina tu, ndani haifungui. Folda ya mtandao haiingii kwenye faharasa yako mpaka nakala yake ikae kwako, na kompyuta ya meneja imejaa taarabu hadi shingoni. Dawa ni seva ijisomee yenyewe, halafu sisi tuwe tunaiuliza.

"Basi ijisomee," akasema.

Huduma ya kutafuta kwenye seva ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, nikaiongezea folda zetu, nikaiacha isome usiku kucha huku nikiomba Mungu. Gesi ya kuzalisha umeme inachimbwa hapo Mnazi Bay, lakini umeme ukiamua kukatika haujali ujirani.

Asubuhi palikuwa na kikao na viongozi wa vyama vya msingi kutoka Newala na Tandahimba. Projekta ikawashwa, ukuta mzima ukawa kompyuta ya meneja. Kulikuwa na msafirishaji mmoja anadaiwa, tena yumo humohumo ukumbini, na meneja alitaka kumuumbua. Akakohoa, akaandika: hajalipa.

Kufumba na kufumbua, jibu. Faili la kwanza, "Hati1". Meneja akanigeukia kwa tabasamu, akabofya mara mbili.

KAMATI YA HARUSI YA BINTI YETU.

Jina, ahadi, alichotoa, maelezo. Mstari wa tatu: Meneja. Laki tatu. Sifuri. "Hajalipa. Anasema mpaka msimu. Msimu upi?"

Mzee mmoja wa Newala akavaa miwani, akausoma wote kwa sauti, pamoja na alama ya kuuliza. Meneja alihangaika kufunga, akabonyeza sijui nini, maandishi yakawa makubwa zaidi.

"Nani kaweka hii humu?"

"Mimi," akajibu mama wa masjala, birika la chai mkononi. "Niliweka kamati yote isome. Mbona ipo siku zote?"

Hapo nikatoa ufafanuzi wa kitaalamu ambao hakuna aliyeuomba: kwamba faharasa haimwonyeshi mtu faili asiloruhusiwa, ila hili liliwekwa kwenye folda ya wote, na kwamba zamani lisingeonekana kwa kuwa jina lake ni "Hati1" tu. Meneja aliniangalia jicho ambalo sitalisahau.

Akatoa simu, akatuma palepale.

"Na ya kutolea," akakumbusha mzee wa Newala.

Mkataba wa msafirishaji wala haukutokea. Uliskaniwa, kwa hiyo kwa seva ile ni picha tu, haina neno hata moja la kusoma. Mama wa masjala aliutoa kwenye kabati la chuma bila hata kuweka birika chini.

Mchana meneja akanivuta pembeni. "Mjomba, hiyo kitu izimwe leo."

Nikaelekea kwenye seva. Mama wa masjala alikuwa ameshatangulia, amekalia kiti cha mhasibu.

"Mwanangu, usiiguse mpaka Jumamosi. Bado mhasibu na yule wa mizani."