Guanajuato: anza na mgodi, kanisa baadaye

Kila nikitaja ile safari ya gari mimi na rafiki yangu kule Mexico watu wanataka picha za makanisa tu, na kweli ni mazuri jamani. Querétaro kuna mfereji wa maji wa karne ya 18 umebebwa na matao 74 ya mawe, San Miguel de Allende nyumba zina rangi za kuvutia mpaka hutaki kurudi kwenye gari. Lakini mi naona watalii wanaanzia mwisho.

Miji ile ilijengwa na fedha, madini yenyewe. Zacatecas waliipata 1546, Guanajuato ikafuata, mzigo ukawa unashushwa kwa njia ya Camino Real hadi Mexico City na baadae Veracruz kupanda meli za Hispania.

Sasa nenda Valenciana, juu ya Guanajuato. Kanisa la San Cayetano lilikamilika 1788 kwa hela ya mwenye mgodi, madhabahu zinang'aa dhahabu toka chini hadi juu, na mgodi uko hapohapo jirani. Watu wanashuka kwenye basi, selfi, wanaondoka. Rafiki yangu kwao Geita, amekua akiona wachimbaji wadogo wanavyokamatisha dhahabu kwa zebaki, yeye akauliza swali moja tu, huko chini walikuwa wanashuka kina nani? Wenyeji wa asili, Waafrika walioletwa utumwani, machotara. Na zebaki ilikuwepo pia, toka miaka ya 1550 Mexico walikuwa wanaichanganya na mawe yaliyosagwa ili itoe fedha, sumu ileile.

Ukishajua hilo ndo Alhóndiga, lile jengo kubwa pale mjini Guanajuato, inakuingia. Lilikuwa ghala la nafaka, Wahispania wakajifungia humo Septemba 1810, wachimbaji wakaungana na watu wa padri Hidalgo, aliyeanzisha vita vya kudai uhuru kutoka Hispania, wakalivamia. Mwaka uliofuata vichwa vya Hidalgo na wenzake watatu vikatundikwa kwenye pembe nne za jengo hilo, vikakaa hapo hadi 1821! Aliyekuja kufuta utumwa 1829 ni rais Vicente Guerrero, mwenye asili ya Kiafrika, na hili nilitamani kila Mwafrika anayefika kule aambiwe.

Kama muda wako ni mdogo ruka San Miguel, nenda Zacatecas, Mina El Edén wanakuingiza mgodini kwa treni ndogo. Katedrali utaikuta palepale ukitoka.