Mtungi wa Mlangoni kwa Bosi

Ofisini kwetu ukitoka kikaoni kwenda msalani, ukirudi umeshakuwa kamati. Mimi nilitoka dakika 3 tu, tena mbio, nikarudi nikakuta watu wananipigia makofi. Nikadhani wamekumbuka siku yangu ya kuzaliwa. Kumbe nimeteuliwa Msimamizi wa Usalama wa Moto, ghorofa ya tatu. Posho? Hakuna. Fulana? Itaangaliwa kwenye bajeti ijayo. Nikapewa daftari na kalamu isiyotoa wino, nikaambiwa wakaguzi wa usalama mahali pa kazi hawapigi hodi, kwa hiyo nianze leo leo kuhesabu mitungi ya kuzimia moto.

Haya, nikahesabu. Sisi ni ofisi ya kutoa mizigo bandarini, watu 19, mitungi 3. Wa kwanza uko jikoni, mfagizi anauanikia madekio. Wa pili, ule wenye pembe nyeusi, uko stoo nyuma ya maboksi ya shajara za mwaka 2017, ambazo hata huo mwaka 2017 wenyewe hakuna aliyezitaka. Wa tatu ni wa poda, kilo 6, na huo umesimamishwa sakafuni mlangoni kwa bosi ili mlango usijifunge. Kitasa kimekufa upande wa ndani tangu mwaka juzi. Mlango ukijibamiza, aliye ndani hatoki mpaka aliye nje amhurumie. Fundi aliitwa, akataja elfu 45, bosi akasema huo ni wizi wa mchana. Mtungi ukapewa kazi ya jiwe.

Nikaandika ripoti, tena kwa heshima zote: mtungi utundikwe ukutani, uonekane, usizibwe na kitu, na mshale wa geji uwe kwenye kijani. Bosi akaisoma yote, akavua miwani.

"Sawa kabisa. Sasa mlango utashikwa na nini?"

Ripoti ikaishia hapo.

Baadaye tukaletewa askari wa Zimamoto na Uokoaji atupe mafunzo, na mtu yule nimpe haki yake, alifundisha. Tulikusanyika nyuma ya jengo, kwenye maegesho, akawasha mafuta kwenye sinia kubwa la chuma. Mambo yenyewe ni manne: vuta pini, lenga kitako cha moto, bana kishikio, fagia kushoto na kulia. "Ndimi achaneni nazo, zile zinawachezea tu. Moto unauliwa chini." Halafu akatuvunja moyo. Kilo 6 za poda, ukibana bila kuachia, ni kama sekunde 15 umekwisha. Mimi miaka yote hii nilijua mtungi ule unaweza kupambana na moto kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Kumbe ukipiga chafya mbili na kutafuta leso, huna kitu mkononi.

Ule wa pembe nyeusi akasema ndani yake ni hewa ukaa, na ndio wa vifaa vya umeme, maana ukishapuliza hauachi uchafu wowote. Ila pembe yenyewe usiikumbatie. Gesi ile ikitoka baridi yake inafika nyuzi 78 chini ya sifuri, inababua ngozi kama moto uleule unaouzima. Tena hauna geji. Kujua kama umejaa, unapimwa uzito.

"Unapelekwa mizani kama mtoto kliniki?" akauliza mhasibu. Akaambiwa ndiyo, na kadi unayo.

Maji kwenye umeme, mwiko. Maji kwenye mafuta yanayowaka, mwiko mara mbili. Na moto ukishakuzidi kimo usijifanye shujaa: toka, funga mlango nyuma yako, piga 114. Kijana wa masoko akanyoosha mkono kuuliza kama 114 inakula bando.

Ikaja zamu ya kujaribu. Bosi akatangulia, kwani nani atamtangulia? Askari akamwambia, "Mzee, upepo uwe mgongoni kwako." Bosi wetu haambiwi upepo ukae wapi. Akabana, poda ikaenda hatua mbili, ikageuka, ikamrudia. Alitoka pale mweupe kama muhogo uliomenywa, na suti ile ilikuwa ya harusi ya mpwa wake jioni hiyo. Akafuata dada wa mapokezi. Yeye alibana kishikio kwa nguvu zote huku anavuta pini, pini ikagoma. Askari akamweleza kuwa ukibana kishikio unaikaba pini mwenyewe. Achia kwanza, vuta, ndipo ubane. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kicheko kile kilikuwa cha mkopo.

Wiki tatu hazijaisha, Alhamisi moja, saa nne, chai imeshamiminwa. Chini ya meza ya mapokezi tuna ekstensheni moja, maskini, inalisha birika la umeme, feni, printa, chaji za simu 7, na kijifriji cha soda ambacho ni biashara ya mtu, simtaji. Nikasikia harufu ya plastiki. Nikachungulia: kimoto kinachezacheza pale chini, hakizidi mshumaa wa keki.

Ofisi nzima ilikuwa imefundishwa, na ofisi nzima ikasahau. Kijana wa masoko akatoa simu, akaanza kurekodi. Mzee wa usafirishaji akaja mbio na jagi la maji, nikapiga kelele, "Mzee wangu, siyo maji!" Akasimama, akatafakari, akayanywa. Mlinzi, ambaye kwenye mafunzo hata hakualikwa, ndiye pekee aliyekwenda kuzima meni swichi.

Mimi nikakimbilia mtungi wa karibu. Wa karibu ni upi? Nikaunyakua mlangoni kwa bosi. Nyuma yangu nikasikia *paaa!*, mlango huo. Kwa ndani bosi akasikia mlango umejifunga na watu wanalia moto. Akaanza kugonga kwa mikono miwili, akitaja majina yetu yote kamili, mpaka la baba.

Nikafika mapokezi. Nikabana kishikio kisawasawa, nikavuta pini. Haitoki. Nikavuta tena, haitoki. Jasho linaingia machoni, bosi anagonga, simu inanirekodi. Dada wa mapokezi, amekunja mikono, sauti ya upole kabisa:

"Kaka, achia kishikio kwanza."

Nikaachia. Ikatoka. Nikabana.

Kile kimoto kilikufa sekunde ya kwanza, hilo hakuna anayelibishia. Tatizo ni zile sekunde 14 nyingine, maana vidole vilikataa kufunguka. Nilifagia kushoto, nikafagia kulia, nikafagia mhasibu na kompyuta yake, printa, nyaraka za forodha za makontena mawili, chapati za watu. Ukungu ulipotulia, tulikuwa tunatambuana kwa sauti. Mzee wa usafirishaji akachungulia kikombe chake, akauliza nani kamwekea maziwa.

Wa kwanza kumkumbuka bosi alikuwa mlinzi. Akazungusha kitasa, mlango ukafunguka, kazi ya sekunde moja, ambayo sisi wenye mafunzo tulikuwa hatujaifikiria.

Kompyuta mbili hazikuwaka tena, fundi anasema poda ile ikipata unyevu inakula vyuma vya ndani. Mimi nimepewa barua ya kujieleza, siku 7. Swali la kwanza: kwa nini nilitumia poda kwenye vifaa vya umeme badala ya ule wa pembe nyeusi? Nikajibu kuwa pembe nyeusi iko nyuma ya mwaka 2017. Swali la pili, limeandikwa kwa herufi kubwa: nani aliniruhusu kuuondoa mtungi mlangoni?

Mtungi wenyewe umesharudishwa palepale, mtupu, mshale umelala kwenye nyekundu. Ila sasa ni mwepesi, upepo wa bahari ukija mlango unausukuma. Kwa hiyo jana wameingia stoo, wamehamisha maboksi ya shajara, wameutoa ule wa pembe nyeusi uliojaa, wakausimamisha pembeni yake uusaidie kushika mlango. Kitasa bado ni elfu 45.