Mhakiki Naye Ana Kiti Chake

Mwanzoni mwa Januari 1962, David Merrick, mtayarishaji wa maigizo wa New York, alikuwa na mchezo uliokuwa ukimfia mkononi. Ulikuwa mchezo wa muziki, Subways Are for Sleeping, na wahakiki wa magazeti saba makubwa ya jiji hawakuuchangamkia. Merrick akatafuta watu saba wa kawaida wenye majina yaleyale ya wahakiki hao, akawaalika kwenye onyesho, akawakirimu, kisha akaomba ruhusa ya kuweka majina na picha zao kwenye tangazo lililojaa sifa tupu. Hila hiyo alikuwa nayo kichwani siku nyingi. Kilichomkwamisha ni mhakiki wa New York Times, Brooks Atkinson, ambaye jina lake halikuwa na somo wa kukodi. Ilibidi Merrick angoje mzee astaafu.

Tangazo lilinaswa kabla halijaenea. New York Herald Tribune ndilo lililoliingiza, tena katika toleo la mapema tu. Kilicholichoma ni picha moja: Richard Watts wa kwenye tangazo alikuwa mtu mweusi, na Richard Watts wa New York Post alikuwa mzungu.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kweli kinachekesha. Ila nyuso nyingine sita nazo zilikuwa za uongo, na hazikumshtua mtu. Zilikuwa nyuso za wazungu wa makamo, yaani zilifanana na kile ambacho kila mhariri alijua mhakiki hufanana nacho. Katika jiji lile, mwaka ule, uso mweusi juu ya jina la mhakiki ulikuwa ushahidi tosha kwamba kuna utapeli.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala kuhusu upendeleo katika uhakiki wa tamthilia huwa unakimbilia matusi. Tunaulizana nani kamtukana nani, nani ana chuki, nani aombe radhi. Matusi yapo, nitayafikia. Lakini upendeleo mzito zaidi hukaa mahali pa kimya: katika kile ambacho mhakiki hajioni akikichagua, kwa kuwa kila aliyeketi safu ya mbele pamoja naye amekichagua vilevile. Mhakiki kuwa na mapenzi yake mimi sina tatizo nalo. Tatizo langu ni yule anayeandika kana kwamba amelitazama onyesho akiwa angani, hana umri, hana jinsia, hana kwao.

Chukua mfano wa London, Machi 1891. Ghosts, tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway, ilionyeshwa usiku mmoja, kwa wanachama wa chama kimoja cha maigizo tu, maana mamlaka ya udhibiti isingeruhusu hadhira ya kawaida. Daily Telegraph, ambalo mhakiki wake alikuwa Clement Scott, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika kazi hiyo, liliufananisha mchezo ule na mtaro wa maji machafu ulioachwa wazi na kidonda kilichofunuliwa bandeji. Magazeti mengine hayakubaki nyuma. Mhakiki mwenzao, William Archer, aliyakusanya matusi hayo yote, akayachapa pamoja kama orodha, na hadi leo orodha ile inasomeka kuliko hakiki zenyewe.

Scott hakuwa mjinga. Alijua jukwaa, alijua waigizaji, alikwenda kwenye maonyesho karibu kila usiku. Ila kichefuchefu chake alikiita kanuni ya sanaa. Mchezo uliomchukiza ulikuwa, kwa hesabu yake, mchezo mbovu, na hakuona hatua iliyoruka kati ya jambo la kwanza na la pili. Mwishoni mwa 1897, katika mahojiano, alidai kwamba mwanamke akiingia kwenye uigizaji hawezi kubaki msafi wa tabia. Kelele zilizofuata zilimtoa kwenye gazeti. Hebu fikiria: miaka na miaka waigizaji wa kike walikuwa wakingoja hukumu ya mtu mwenye imani hiyo, na hakiki zake zilisomwa kama hakiki za fani.

Miaka zaidi ya mia moja baada ya usiku ule wa Ghosts, Januari 1995, Sarah Kane, akiwa na miaka 23, alionyesha mchezo wake wa kwanza mkubwa, Blasted, katika ukumbi mdogo wa juu wa Royal Court, London. Jack Tinker wa Daily Mail aliuita karamu ya uchafu. Michael Billington wa The Guardian naye aliuponda, na baadaye akakiri hadharani kwamba hakuuelewa. Waliomtetea Kane mapema walikuwa watunzi wenzake, akiwamo Harold Pinter, ambaye mwaka 1958 wahakiki walimfanyia yayo hayo: The Birthday Party ilifutwa baada ya wiki moja tu, na sifa za Harold Hobson katika Sunday Times zilitoka wakati mchezo umekwisha kuondolewa jukwaani.

Sisemi kwamba kila mchezo uliopondwa ni lulu iliyofichika. Mingi iliyopondwa ilistahili kupondwa, na hakuna anayeikumbuka. Nasema tu kwamba chukizo la wengi walioketi pamoja, wa rika moja na malezi mamoja, huonekana kama ukweli kwa sababu hakuna wa kulipinga ndani ya chumba. Mwaka 2007 Nicholas Hytner, aliyekuwa akiongoza National Theatre ya London, aliwaita wengi wa wahakiki wakuu wa magazeti wazungu wanaume waliokwisha kufa, akidai kwamba kazi za waongozaji wa kike wanazitazama kwa jicho jingine. Wahakiki walikasirika sana. Wengine walijibu kwamba wao huhukumu kazi, hawahukumu mtu. Jibu hilo ndilo hunitia wasiwasi kuliko tuhuma yenyewe.

Maana njoo tusome kwa karibu. Shika hakiki yoyote inayozungumzia mwigizaji wa kike, tafuta aya anayotajwa kwa mara ya kwanza. Mara nyingi sana utakutana na mwili kabla ya kazi: ni mwembamba, ni mrembo, hana mvuto, umri umeanza kumtupa mkono. Shuka mistari michache hadi kwa mwanamume aliyecheza naye, utakuta vitenzi: ametawala jukwaa, ameijenga hasira yake polepole, ameimeza mistari ya mwisho. Mmoja ameelezwa alivyo, mwingine alichofanya. Hakuna tusi hapo, wala hakuna mhariri atakayeikata sentensi hata moja. John Simon, aliyehakiki katika jarida la New York kuanzia 1968 hadi 2005, alilifanya jambo hili bila haya, akikejeli pua na sura za waigizaji wa kike waziwazi, na watu walimchukia kwa hilo. Mwaka 1973 mwigizaji Sylvia Miles alimmwagia sahani ya chakula kichwani ndani ya mgahawa. Simon angalau ulimwona anakuja. Wanaofanya kwa upole hawamwagiwi kitu.

Sifa nazo zina sumu yake. Kuna msamiati maalumu ambao hutolewa kabatini mchezo ukitoka Afrika, Asia au kwa watu wa asili wa Amerika: una nguvu, una rangi, unatoka moyoni, unachangamsha. Yote ni mazuri, na hakuna hata moja linalohusu muundo, hoja au ustadi wa lugha. Mtunzi anasifiwa kama hali ya hewa. Wole Soyinka alilijua hilo alipochapisha Death and the King's Horseman mwaka 1975. Mwanzoni mwa kitabu aliweka dokezo la kuwaonya wasomaji na waongozaji wasiibandike tamthilia lebo ya mgongano wa tamaduni, akasisitiza kwamba mkoloni katika hadithi ile ni kichocheo tu na uzito uko kwingine. Mtunzi kulazimika kumjibu mhakiki kabla mhakiki hajaandika! Na bado lebo hiyo imeendelea kubandikwa.

Tuje kwenye hoja ya uhalisia, silaha inayopendwa kuliko zote. Mwaka 2018 Quentin Letts wa Daily Mail, akihakiki mchezo wa Kiingereza wa zaidi ya miaka mia tatu ulioonyeshwa na Royal Shakespeare Company, alihoji kama mwigizaji mmoja alipewa nafasi kwa sababu ni mweusi. Uongozi wa kampuni ulimjibu hadharani kwa ukali. Watetezi wake walisema anachodai ni uaminifu kwa zama za hadithi. Sawa. Lakini katika Hamlet ya Shakespeare, watu wa Denmark wanapozungumza Kiingereza cha mashairi mbele ya mamia ya watazamaji, taa za umeme zikiwamulika, uhalisia uko wapi? Mtu wa miaka arobaini akicheza kijana wa ishirini, tunameza. Ukuta mmoja wa nyumba haupo, tunameza. Jukwaa zima ni mapatano ya kukubali kisichokuwapo, kisha likija suala la ngozi ndipo mtu anaukumbuka uhalisia kana kwamba ulikuwa sheria tangu mwanzo.

Hapa ni lazima niwe na haki kwa upande wa pili, kwa sababu walioipigania sanaa mpya nao hawakuwa malaika. Archer aliyemtetea Ibsen ndiye aliyekuwa mfasiri wake kwa Kiingereza. George Bernard Shaw alihakiki maonyesho katika Saturday Review kati ya 1895 na 1898 huku mwenyewe akiandika tamthilia, na hata alikuwa na mazungumzo na Henry Irving, mwigizaji na meneja maarufu wa London, kuhusu kuionyesha mojawapo, ilhali kila wiki alikuwa akimkosoa Irving huyohuyo gazetini. Leo tungeuita mgongano wa maslahi, na tungekuwa sahihi. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Hata hivyo, Shaw namsamehe kirahisi kuliko Scott, na sababu yangu si kwamba Shaw alikuwa upande ulioshinda. Alisema wazi anataka nini. Baadaye aliandika kwamba kila mtunzi, mwigizaji na meneja alimpima kwa swali moja: je, anakuja njia yangu au amebaki kwenye mfereji wa zamani? Msomaji wake aliweza kutoa hesabu. Alijua mizani imeelemea wapi, akaongeza au kupunguza mwenyewe. Msomaji wa Scott aliambiwa mizani haijaguswa.

Kuhusu tiketi za bure, urafiki wa vilabuni na nyota tano zinazobandikwa kwenye mabango sina mengi. Ni upendeleo wa kawaida wa binadamu na kila mtu anaujua. Niseme tu kwamba mhakiki huketi viti vizuri vya chini ambavyo halipii, halafu huandika kwa ajili ya mtu atakayelipa na kuona nusu ya jukwaa kutoka ghorofani. Mara chache utasoma hakiki inayoeleza mchezo unaonekanaje kutoka huko.

Tufanyeje basi? Mwaka 2020 mtunzi Yolanda Bonnell wa Toronto aliomba mchezo wake, bug, uhakikiwe na watu wa asili, weusi na wengine wasio wazungu pekee. Ilizuka ghasia. Waliopinga walisema sasa ubaguzi umegeuzwa. Mimi namwelewa, kwa sababu aliomba jambo ambalo wahariri walikuwa wakiwapa wazungu kwa miongo bila kuombwa. Ila kama kanuni ya kudumu siikubali. Mcheza kwao hutunzwa, na mhakiki anayemtunza wa kwao tu hajamfikishia msanii kitu ambacho ndugu zake wasingempa. Isitoshe, mlango wa ukumbi una historia mbaya mikononi mwa wenye nguvu. Mwaka 1915 ndugu wa Shubert, wamiliki wa kumbi za New York, walimfungia nje Alexander Woollcott wa New York Times kwa sababu ya hakiki moja iliyowaudhi. Woollcott alikwenda mahakamani, na mwaka 1916 mahakama ya rufaa ya jimbo iliwapa ushindi akina Shubert: sheria ilikataza kumzuia mtu kwa rangi au dini yake, haikukataza kumzuia kwa sababu ameandika usichokipenda. Bonnell hana kumbi wala mamilioni, na kumlinganisha na Shubert ni uonevu. Lakini desturi ya kuchagua mhakiki ikishaota mizizi, wenye kumbi na mamilioni ndio wataivuna.

Ninachokitaka kiko kwa mhariri, na kinagharimu pesa, ndiyo maana hakizungumzwi sana. Magazeti yamekuwa yakiondoa ajira za wahakiki. Panapobaki mmoja, upendeleo wake, hata uwe mdogo na wa nia njema, unakuwa ndio hali ya hewa ya mji mzima. Mwaka 1958 angalau alikuwapo Hobson wa kupingana na wenzake, ijapokuwa alichelewa. Ningependa gazeti litume watu wawili kwenye mchezo uleule, wasiofanana kwa lolote, mmoja aketi chini na mwingine ghorofani kwa tiketi iliyonunuliwa. Wote wawili walipwe kwa kiwango kimoja, na maneno yao yachapwe ukurasa mmoja hata yakipingana moja kwa moja. Nyota zenu bakini nazo.