Kitasa Kilivyoniponza

Dada yangu kaolewa na Mwingereza mwenye shamba huko Worcestershire. Nyuma ya shamba kuna banda, na ndani ya banda kulikuwa na gari ambalo hata kuku walikuwa wamelisusa. Walilala juu ya trekta.

"Kaka, wewe si fundi? Hebu tuambie hili ni gari gani, baba mkwe anataka kuliuza."

Turubai lilikuwa limelifunika mpaka katikati ya vioo. Upande wa kushoto uligandana na ukuta, na upande wa kulia marobota ya nyasi yaliziba kila kitu kuanzia nyuma ya kitasa cha mlango wa mbele. Kisogoni ilichungulia bampa, imeinama kama inayosujudu. Basi mimi nikaangalia kilichobaki: kitasa cha mlango. Bapa, kimezama kwenye bati, unapenyeza vidole chini yake na kuinua. Nikakiinua mara moja, nikajisafisha koo.

"Austin Allegro, stesheni wagoni. Imeundwa Longbridge, Birmingham."

Nilisema kwa sauti ya mtu aliyekuwepo siku inaundwa. Kumbe kitasa kile kile British Leyland, kampuni iliyounda magari hayo, walikitia kwenye Allegro, kwenye Morris Marina na kwenye Range Rover, na hata Lotus Esprit inacho. Kulitambua gari kwa kitasa hicho ni sawa na kumtambua mtu kwa kanzu nyeupe siku ya Idi.

Nikaendelea kujichimbia. Allegro haina springi za kawaida. Ina Hydragas, yaani kila gurudumu limebebwa na tufe lenye gesi ya nitrojeni iliyobanwa, na maji ya dawa yanayopita kwenye bomba kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Yakivuja, gari hukaa chini. "Haijaharibika," nikamtuliza dada. "Ina kiu tu. Tutaijaza kama mpira." Nikaenda kukodi pampu ya Hydragas, maana ya baiskeli haifui dafu kwenye presha ile.

Ungekuwa wewe, ungeshastuka. Bomba lile linaunganisha mbele na nyuma upande mmoja mmoja, kwa hiyo Allegro ikivuja hulala ubavu mzima, mbele pamoja na nyuma. Hii ilikuwa imeinama makalio peke yake huku pua iko juu. Mimi niliona hivyo vyote viwili, nikavipita kama matangazo ya duka.

Jambo jingine nililolijua nusu nusu ni kisa maarufu cha Allegro: ukiipiga jeki mahali pasipofaa, bodi hujipinda na kioo cha nyuma huruka. Nikamsimamisha dada na mumewe kisogoni wakiwa wameshika godoro la kitanda cha wageni, tayari kukidaka. Kisa chenyewe ni cha saluni, yaani gari lenye buti nyuma, ambalo kioo chake kimebanwa kwenye bodi. Stesheni wagoni kioo chake kimo kwenye mlango wa nyuma. Bodi ikijipinda, hakina sababu ya kuruka. Lakini godoro lilikuwa limeshateremshwa ngazi mbili, na sikuwa na moyo wa kulirudisha.

Nikaweka gogo nyuma ya tairi, nikainua mbele kulia, nikatia stendi (kwenye bati la kutu la nusu karne usijilaze chini ya jeki tupu hata kwa dakika moja), nikaingia na tochi, na mpira wa pampu mkononi, kutafuta nozo ya kujazia.

Nozo hakuna. Badala ya tufe kulikuwa na shokapu ya mkono wa kizamani, na fimbo nene ya chuma inayokwenda nyuma chini ya sakafu, ile inayojisokota gurudumu likipanda. Hiyo ni mbele ya Morris Minor, ambayo Marina iliirithi. Nikasema labda wameifanyia ukarabati. Katikati ya gari kukawa na bomba refu linalokwenda nyuma. Ekzosi, nikajiambia. Nikalifuata kwa tochi, sentimita baada ya sentimita, mpaka likaingia kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma.

Allegro inavutwa na magurudumu ya mbele. Haina propela, lile bomba la kuzungusha magurudumu ya nyuma. Haina difu nyuma. Na hakika haina vyuma bapa vilivyopangwa tabaka pande zote mbili za ekseli, kile kirefu cha upande wa kulia kimekatika vipande viwili kwa miaka ya kubeba magunia ya viazi. Nilikuwa nimeleta pampu ya gesi kujaza springi ya mkokoteni.

Nikatoka taratibu. Baba mkwe alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Marina," akasema.

"Ulijua?"

"Nililinunua mimi. Jipya."

Akaiendea bampa, akafuta kibao cha namba kwa kidole gumba. Herufi ya mwisho: M. Maana yake gari liliandikishwa kati ya Agosti 1973 na Julai 1974. Allegro ya stesheni wagoni ilitoka 1975. Ningefuta tope lile kwanza, nisingelala chini. Tukavuta marobota: mlango wa pili huu hapa, na Allegro ya namna hii ina miwili ya ubavuni tu, mmoja kila upande. Ndani, dashibodi ilikuwa imempa dereva mgongo na kumgeuzia abiria redio, kama zilivyokuwa Marina zote kabla ya kubadilishwa 1975.

Nikakunja mpira wa pampu nikijaribu kukumbuka wanatoza kwa saa au kwa siku. Nyuma ya turubai sauti ikatoka, imechoka:

"Kaka, tushushe godoro?"