Shati Lilikwenda Toten

Mama aliponinunulia shati la shule alichagua la kukulia. Mabega yake yaliishia karibu na viwiko vyangu, na kifuani lilikuwa na nembo kubwa kama kisosi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kidato cha pili Tanga, baba alipohamishwa kikazi kutoka Mwanza.

Watoto wa Tanga hawatukani. Wangenitukana ningejua pa kushika. Kwetu ukitukanwa unarudisha, mambo yanakwisha. Hawa walinipokea kwa maneno laini. "Mgeni, shati limekukaa, mashaallah. Na mdogo wako analala humo humo?" Jina nikapachikwa siku ile ile: Waja Leo, kutoka kwenye ule msemo wa mji wao, "waja leo, waondoka leo". Kila asubuhi hakukosekana mtu wa kuniuliza, kwa upole kabisa, "Mgeni, kumbe bado upo?"

Baiskeli nayo ilinitia aibu. Tanga wazee kwa vijana wanapanda, mimi sikujua. Mwenzangu wa darasani, jirani yetu kule Ngamiani ambako mitaa inaitwa kwa namba hadi Barabara ya 21, alinibeba kwenye keria huku wasichana wa shule wakitupita wakipiga kengele.

Nikabaki na silaha moja: maji. Nimekulia Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Siku walipoanza kuhadithiana mambo ya bahari, nikawaambia waache utoto. Mimi nimelelewa na ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, nimeogelea hadi Jiwe la Bismarck, maji ya kunitisha bado hayajanyesha.

Wakatazamana. "Basi Jumamosi twende Raskazone, ukatufundishe."

Tulikwenda na sare zetu, moja kwa moja kutoka masomo ya ziada, kwenye saa nne asubuhi. Nilipoiona bahari nilitaka kucheka. Maji yalikuwa yamekimbilia huko mbali, yameacha uwanja mzima wa mchanga na mawe, kaa wanajitembelea.

"Tucheze mpira kwanza," wakasema. "Maji yatakuja."

"Yatakuja? Kwa basi gani?"

Hakuna aliyejibu. Wakavua nguo, wakazitundika juu kabisa kwenye matawi ya mti. Mimi nikakunja suruali, shati juu yake, viatu pembeni, vyote juu ya mwamba katikati ya ule mchanga.

"Mgeni, leta huku juu," mmoja aliniambia.

"Ya nini? Ziwani tunaacha nguo ufukweni na tunazikuta."

Hakurudia. Kumbe usiku wa jana yake mwezi ulikuwa mpevu, na yale yalikuwa maji ya bamvua, yanayotoka mpaka mbali kisha yanarudi na kupanda zaidi ya mita 3. Kila mtoto pale alijua. Mtoto wa Pwani hesabu ya mwezi anaijua kuliko tebo ya saba. Ziwa letu halina mambo hayo. Ukiliacha mahali, utalikuta hapo hapo. Hadi leo nashikilia kwamba mwenye kosa ni bahari.

Wakaniweka golini, upande wa majini. Mara nikahisi baridi vidoleni. Mara maji ya vifundoni. Kila nikiinua macho, goli la wenzangu limesogea juu kidogo kuelekea nchi kavu, na mtu hasemi neno. Nami siku hiyo nilikuwa nadaka vizuri, sikutaka kuharibu mchezo. Maji yalipofika magotini, mpira ukawa unaelea, aliyevunja ukimya ni mama mmoja muuza mihogo aliyekaa kivulini.

"We mtoto, lile shati linakwenda wapi?"

Lilikuwa linakwenda Toten. Limetanua mikono, limejaa upepo; ukubwa wote ule aliouchagua mama sasa ulikuwa na kazi. Kisiwani kule kuna magofu ya misikiti ya kale, labda lilikuwa linawahi adhuhuri. Suruali ikafuata, na kiatu kimoja. Nikajitupa. Jiwe la Bismarck halikuwahi kunifunza chumvi: funda moja tu, macho yakafunga, pua ikawaka, nikarudi nchi kavu na mwani kichwani na chupi tu mwilini.

"Pole, mwanangu," yule mama akasema, akavua khanga ya mabegani akanifunga kiunoni. Maandishi yakakaa nyuma, sikuyaona. Waliyaona wengine. Nikiwa juu ya keria kutoka Raskazone hadi Ngamiani, kila baraza tuliyoipita walisoma kwa sauti: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mzee mmoja aliacha bao lake, akasimama kabisa. "Tumepona, baba! Ahsante!"

Jumatatu nilikuwa na jina jipya: Bamvua. Nililipenda. Nikaanza kukatiwa mihogo wakati wa mapumziko, na hakuna aliyeniuliza tena kama bado nipo.

Muda ukapita, mama akanituma soko la samaki la Deep Sea kununua changu. Pale ngalawa zinaposhushia, mvuvi mmoja mzee, mwenye mabega mapana, alikuwa anapanga samaki. Amevaa shati lililomkaa barabara, na nembo kubwa kifuani.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama juu hadi chini. "Wasoma shule gani wewe?"

Nikamnyooshea kidole kifuani.