Baharini ujumbe hubebwa
Mwandishi mmoja wa makala anasema simu za wavuvi zikipokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, bila mnara, habari ya chombo kilichoharibika itafika pwani papo hapo. Mimi mvuvi wa Kojani, Pemba, naenda dago (kambi ya uvuvi mbali na nyumbani) kila msimu, na hilo la papo hapo silikubali. Waifai ya simu ni mita 100 hivi. Usiku madau yetu huachana maili nzima, na njia ya simu hadi simu iliyopatikana sasa, mara mkondo unaikata kwa kuyatenganisha madau. Kinachofaa ni kila simu kuuhifadhi ujumbe, kuubeba na kuukabidhi kwa chombo kinachokutana nacho, mpaka jibu la kupokelewa lirudi. Na nakala ziwe chache, maana kila nakala hula chaji: simu yangu imefungwa kwenye nailoni, pa kuchajia hapana. Wenzangu wa Nungwi na Mkoani, usiku mmoja mnapishana na vyombo vingapi?